Nyenje na Mtungi

Nyenje alikuwa mwimbaji hodari, lakini sauti yake haikuwahi kuvuka kichaka alichozaliwa. Aliposikia kwamba Bibi Kanga anatafuta mwimbaji wa harusi ya bintiye, alimwendea Kunguru, aliyejigamba kuwa anajua kuwakuza wasanii.

"Kipaji unacho, bwana mdogo," alisema Kunguru, "lakini msanii asiyevuma ni kama hajaimba. Ingia katika mtungi ule mtupu, uimbe ukiwa humo. Wasikilizaji niachie mimi."

Kunguru akawakusanya wanyama, Bibi Kanga akiwa mbele. Nyenje akaanza kuimba, na mtungi ukanguruma kama simba mwenye njaa. Swala akatimka, Ngiri akamfuata, Bibi Kanga akaruka akipiga mayowe. Kunguru alikuwa amewatangulia wote.

Nyenje alipochungulia nje, alimkuta Konokono peke yake.

"Shikamoo, bibi. Ahsante kwa kubaki kunisikiliza."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikubaki. Nakimbia tangu ulipoanza, na hapa ndipo nilipofika."

Nyenje akacheka, ingawa moyo ulimuuma. Akatoka mtungini, akaketi kando ya bibi huyo na kumwimbia taratibu ili hofu imtoke. Konokono akachomoza pembe zake, akaanza kuziyumbisha. Waliokimbia walipomwona anacheza, walirudi wakinyata. Kwa kuwa sauti ilikuwa ndogo, iliwabidi wasogee, wakasogea hata pembe za Swala zikagusana na mbawa za Bibi Kanga.

Bibi Kanga akafuta machozi.

"Harusini uje wewe, mwanangu," alisema. "Mtungi tutautilia maji."