Mwaridi wa Uzioni

"Huu unanukia mpaka barabarani, mama," alisema muuza miche.

Mwanahawa hakuwa na haja ya harufu. Alishika pindo la kanga yake, akalipitisha kwenye miiba ya kila mwaridi wa kutambaa, mpaka mmoja ukaling'ang'ania na kulichana.

"Nipe huu."

Aliupanda nyuma ya nyumba, penye uzio ambapo jirani yake Sihaba, mke mpya wa aliyekuwa mumewe, huanika kanzu ambayo Mwanahawa aliidarizi kwa mkono wake.

Sihaba akawa anaumwagilia kila asubuhi.

"Da Mwanahawa, umetupambia uzio!"

"Umwagilie, mdogo wangu. Unapenda maji."

Juu yao kanzu ilining'inia, nyeupe pe. Chipukizi lilibakiza shubiri moja kuifikia.