Anayetoa Huonja

Nesi Xaveria alimpa mzee kikombe cha maji ya magome, mekundu kama kutu. Goti la mzee lilikuwa limevimba kama kibuyu, na kabati la zahanati halikuwa na kidonge hata kimoja tangu Pasaka.

Mzee akamrudishia kikombe. "Kwetu Simanjiro anayetoa dawa huionja kwanza, mwanangu."

Bati la kikombe lilimchoma vidole. Magome hayo aliyabandua mwenyewe jana kwenye mti wa miiba, njia ya kwenda Bonga, bila kumwuliza mtu. Angemwuliza nani? Mwaka jana mzee huyuhuyu alileta magome yake, naye Xaveria akayamwaga uani na kuyaita ushenzi.

Alikifikisha kikombe mdomoni. Midomo ikagoma kufunguka.

"Baba," alinong'ona, "mti wenu ule wa dawa, miiba yake ni mirefu au mifupi?"