Panya wa Siku ya Majike

Enzi hizo simba majike ndio waliowinda, dume akala kwanza, nao wakaambulia mifupa. Jike mmoja, Nyamizi, alipochoka, akawashawishi wenzake wagome.

Dume akaanza kubembeleza. “Basi kesho iwe siku yenu! Nitawasifu mchana kutwa. Nyinyi leteni tu nyati wa karamu.”

Nyamizi akacheka mpaka mbavu zikamuuma. “Siku yetu, na jasho letu pia? Nyati kamlete wewe, bwana mkubwa.”

Dume akaondoka kwa mbwembwe. Jioni akarudi anachechemea, panya mdomoni, akamweka mbele yao kwa adabu.

“Anaanza nani?” dume akauliza.

“Tunaanza wote,” akajibu Nyamizi, akamgawa panya.

Mpaka leo, siku hiyo ikifika, simba hugawana panya kwanza ndipo wamguse nyati, dume asije akasahau.