Kifundo cha Mkono

Nyamizi, binti wa miaka kumi, alipinduka hewani mara mbili juu ya boriti nyembamba, akatua bila kuyumba. Mama yake alipiga vigelegele. Mwalimu Kabula, aliyekuja kumchagua mtoto mmoja wa kuingia timu ya taifa ya jimnastiki, alimwita Nyamizi, akamminya kifundo cha mkono ambacho alimwona akikilinda. Mtoto aliuma midomo.

"Kinauma tangu lini?"

"Hakiumi, mwalimu."

"Nyamizi."

"Tangu masika," alinong'ona. "Nichukue hivyo hivyo. Usimwambie mama."

Kabula alijua hatampata mwingine kama huyu. Akamgeukia mama.

"Mwanao ana kipaji ambacho sijakiona kwa miaka mingi. Lakini simchukui. Mpeleke hospitali kwanza."

Mama alipiga magoti, akaupokea ule mkono kwa viganja viwili. Hapo ndipo Nyamizi alipoanza kulia.