Darasa la Mtoni

Kila alipokuja mkaguzi, Mwalimu Tausi aliwatuma wanafunzi wazito wa kusoma mtoni kuteka maji, darasani wabaki wa kung'ara tu.

Nungunungu alichoka kufichwa. Alitaka naye asikike akisoma. Basi huko mtoni akachomoa mwiba wake, akaandika mchangani, akasoma na wenzake.

Siku moja mkaguzi alikuwa Kobe, naye hapiti mto bila kunywa.

"Ninyi wa nani?"

"Wa Mwalimu Tausi, babu. Sisi ndio wajinga wake."

"Hebu nisomeeni, wajinga."

Wakasoma mchanga mzima.

Shuleni, Tausi alitandaza mkia. "Karibu mzee. Wanafunzi wangu wote hawa hapa."

"Wengine nimewasikia mtoni, wanasoma bila mwalimu. Shika ndoo, nawe ukajifunze huko."

Nungunungu akarudi darasani, akaketi kwenye dawati la mbele, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka mtoni.