Usiseme Pole

“Usiseme pole,” Rehana wa bima alisema kwenye simu. “Hata ikikuponyoka, imeze.”

Zubery alibaki na simu sikioni, chuma cha mazoezi miguuni. Tukuyu hii, ambako mtu akijikwaa mtaa wa pili unamtupia pole kupitia dirishani, leo yeye anaambiwa aimeze kama kidonge cha malaria.

“Dada Rehana, mteja wangu hainuki kitandani. Mkewe anasema kaumia mgongo kwenye tizi langu.”

“Ndiyo maana ulikata bima, kocha. Mteja akiumia, kampuni inabeba mzigo. Ila ukienda kulialia kwao, umekiri kosa. Ukikiri, kampuni inajitoa, unabaki wewe na wao. Kaa kwako, tuachie sisi.”

Zubery alikuwa na mikono minene kuliko mapaja ya wateja wake, lakini moyo, tuseme ukweli, ulikuwa wa kifaranga. Akakaa kwake.

Mteja mwenyewe alikuwa Andongwisye wa Lupepo, mnunuzi wa maparachichi, mtu ambaye tumbo hutangulia na yeye hufuata. Siku ile alichuchumaa na chuma begani, akanyanyuka, akatukana kidogo, akaondoka uwanjani kwa kocha, Bulyaga, akipiga mluzi. Kesho yake ndipo habari zikaja kwamba hageuki. Zubery aliirudia siku ile kichwani mpaka chuma kikawa kizito kuliko kilivyokuwa. Labda alimwongezea mapema. Labda hata ule mluzi ulikuwa wa maumivu.

Uwanja wake ukaanza kupoa. Kwanza alikosekana mwalimu Beatrice, ambaye hakuwahi kukosa hata mvua ikinyesha. Kisha akina mama wa sokoni walioruka kamba pale kila asubuhi wakahamia barabarani, na kila walipopita mbele ya geti lake waliongeza mbio. Miezi yote kocha aliwabembeleza wakaze mwendo. Sasa walikuwa wameweza.

“Unajua wanasemaje?” mkewe Siwema alimwuliza, akimenya ndizi. “Umemvunja mtu na hujakanyaga kwake. Asiyekwenda kutoa pole ana jambo.”

“Bima imenikataza.”

“Bima ndiyo itakuja kukuzika? Marehemu baba yako alifika hapa kutoka Tanga hajui hata neno moja la Kinyakyusa, wakampa kiwanja kwa sababu hakukosa msiba wala mgonjwa wa mtu. Wewe utaishi hapa na nani?”

Jumamosi mchana ikaja bodaboda kutoka kwa Mzee Ambindwile, baba mkubwa wa Andongwisye. Dereva hakushuka wala hakuzima pikipiki.

“Mzee kasema uje leo. Tumalize.”

“Tumalize nini?”

“Mimi nimetumwa neno moja, kocha. Hilo la pili kamuulize mwenyewe.” Akageuza, akaondoka.

Zubery alimpigia Rehana. “Usithubutu!” Rehana alisema. “Huko wanakutaka ukiri mbele ya kijiji kizima. Ukienda, mimi sikujui.”

Siwema alimletea sweta, akamshikia mlango.

Njia ya Lupepo ilikuwa imemezwa na ukungu. Mbele yake walitembea wanawake wawili na kuni kichwani, kanga zimekazwa kiunoni. Walipomtambua walikatiza mazungumzo, wakampisha kwenye majani. Kwa akina Andongwisye, turubai lilikuwa limefungwa, sufuria kubwa zimekaa mafigani, na ng’ombe mweusi amefungwa kwenye mparachichi. Ng’ombe, kuni, turubai. Aliyekulia Rungwe hahitaji kusomewa tangazo.

Amekufa, Zubery akawaza. Nimemuua.

Ila hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililomtia baridi. Mama wa Kinyakyusa asiyelia kwenye msiba ana hasira kuliko machozi. Akasalimia. “Ndaga,” wakajibu wachache, macho chini, kama vile kumtazama usoni ni dhambi. Nyuma yake vijana wakasogeza benchi, wakaziba njia.

Katikati ya uwanja kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Mzee Ambindwile alikionyesha kwa fimbo.

“Tulikuwa tunakungoja wewe tu. Kaa, tuseme lililotuita.”

Hakukifikia. Alipiga magoti mbele ya mzee, tope likapenya suruali, na pole yote aliyoimeza ikamtoka kwa mkupuo.

“Poleni, wazazi wangu! Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemvunja. Chuma nilimzidishia mwenyewe, kwa mikono hii!”

Hata ng’ombe aliacha kutafuna.

Kisha mtu akakohoa mlangoni. Andongwisye alikuwa amesimama pale, hai, mgongo umepinda, ameegemea mkongojo. Mkewe Tusekile alisimama mbali naye, mikono kifuani, kama anayengoja basi ambalo halimhusu.

Mzee Ambindwile aligeuka polepole.

“Ugwe, wewe mwanangu. Jana si umetuapia hapa kwamba ulianguka na pikipiki, ukitoka kwa yule mwanamke wako wa Matwebe? Tukatafuta na ng’ombe, tumwombe radhi kocha kwa jina lake ulilolichafua. Leo nimsikilize nani?”

Andongwisye akamtazama mkewe. Akamtazama kocha, aliyekuwa bado amepiga magoti matopeni.

“Baba, maumivu yalinichanganya,” akasema. “Ni kama kocha anavyosema.”