Mji Usioitikia Hodi

Zamda aliifunika kwa kanga televisheni kubwa ya banda lake la gemu siku ile ile gemu mpya ilipotoka. Watengenezaji walikuwa wameahidi mji mzima wenye watu wa kuzungumza nao, na vijana wakapanga foleni tangu asubuhi. Kumbe watu wenyewe walikuwa wanapita ndani ya kuta, na ukipiga hodi, mwenye nyumba anasimama kama gogo, anakukodolea macho tu. Vijana walizomea, wakaondoka.

"Mji gani huu, hata hodi hauitikii?" Zamda alifoka. "Wametuuzia ganda, yai wamebaki nalo!"

Lakini kila sasisho la kurekebisha gemu lilipotoka, Msellem, mumewe, alilipakua kimya kimya, miezi ikapita, hadi leo alipoiondoa ile kanga.

"Njoo uone, Mama Rehani," akamwita mkewe. "Ule mji wameutengeneza."

"Sasa ndiyo wanautengeneza? Mimi nikimpakulia mgeni wali mbichi, nimwambie ale tu, utaivia tumboni?"

Msellem akamwekea padi ya kuchezea mkononi. Zamda akampeleka mtu wake wa kwenye gemu hadi mlango ule ule wa siku ya kwanza, akabonyeza kitufe cha hodi kwa hasira kama anayetaka kuuvunja. Kimya. Alikuwa amekwisha kumgeukia mumewe amwambie la kumwambia, mara sauti ya bibi ikatoka ndani.

"Karibu, mwanangu. Pita."

Zamda akasonya. "Leo ndiyo unaitika?"

Mlango ukafunguka kwenye kioo, mwanga wa taa ya humo ndani ukamwangukia usoni. Bado amenuna, akavua kandambili ya kwanza kama anayeingia kweli nyumba ya watu, akasita na ya pili.